Randa iliyopasuka Dodoma, na hii ya digrii 55

Shavu (ubavu) la randa yangu ya kwanza ya mbao lilipasuka Dodoma, mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, nilipokuwa nagonga kabari inayokibana kisu chake. Sikuigonga kwa nguvu. Nilisikia mlio mdogo, kama njugu inayopasuliwa kwa meno, kisha nikaona ufa mwembamba umeanzia kwenye koo la randa, lile tundu ambamo kisu kinakaa na maranda yanatokea, na kushuka hadi usawa wa mdomo, ule mwanya wa chini ambapo ukali wa kisu unachungulia. Nilikuwa nimetoka nayo Tanga kwa basi, nimeifunga ndani ya khanga, naenda kumalizia makabati ya mteja. Kazi ile niliimaliza kwa randa ya chuma ya kuazima. Yangu nikairudisha Tanga ndani ya khanga ileile.

Baba naye ni seremala, ingawa magoti hayamruhusu tena kusimama bechini. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, nikamwekea ile randa mapajani. Aliigeuza, akapitisha ukucha kwenye ufa.

"Uliichonga mwezi gani, mama?"

"Wa nne, Baba."

"Masika. Na kisu ulikikaza mpaka kikagusa mashavu yote mawili?"

"Nilitaka kisicheze."

"Chuma hakinywi maji, mti unakunywa. Umeuchonga hapa umeshiba, ukaupeleka Dodoma ukakauka. Ulipotaka kusinyaa ukakuta chuma kimekaa katikati. Lazima upasuke."

Nina cheti cha VETA na nimefanya kazi ya mbao miaka kumi na minne, na jambo hilo nalijua kwa milango, meza na droo. Ubao haupungui urefu wa kusumbua, hupungua upana. Sikuacha hata siku moja droo ya mninga ibane kwenye kabati. Ila kwenye randa sikuliwaza, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye ukali wa kisu. Nikaamua kuchonga nyingine, na safari hii niandike kila hatua.

Kwanza nieleze kwa nini nasumbuka na randa ya mbao wakati mashine ya kuranda ipo mtaa wa pili na randa za chuma zipo dukani.

Meza ninazotengeneza ni za mninga, mkongo na mvule, mara mojamoja mtiki wa Longuza, kule Muheza. Chukua ubao wa mvule uutazame upande wa mwanga. Utaona michirizi, mmoja unang'aa, unaofuata umefifia. Geuza ubao kichwa chini, uliong'aa unafifia na uliofifia unang'aa. Hizo ni nyuzi zinazopishana. Mti ulipokuwa unakua, nyuzi zake zililala kuelekea kulia kwa muda, kisha zikalala kushoto, kisha kulia tena, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo hakuna upande wa kuupiga randa ubao huo ukawa salama. Ukianzia huku, nusu ya michirizi inakubali na nusu inang'oka. Ukianzia kule, zinabadilishana zamu.

Kisu cha randa nyingi za dukani kimelazwa kwa digrii 45. Pembe hiyo inafaa sana kwa mbao laini zenye nyuzi zilizonyooka. Nimeitumia kwenye paini za Sao Hill na sina lalamiko. Lakini kwenye mkongo, kisu kilicholala hivyo kinaingia chini ya uzi na kuunyanyua kama mtu anayeng'oa bati kwa mtaimbo. Uzi unapasuka mbele ya ukali, kabla kisu hakijafika, na pale ulipopasukia panabaki kidonda. Ndipo unapoona seremala anasugua uso wa meza kwa msasa siku mbili nzima, vumbi la mninga limemkaa kifuani, na bado ukipitisha kiganja unavisikia vile vidonda.

Dawa ni kukisimamisha kisu zaidi. Kikisimama, hakinyanyui uzi. Kinausukuma mbele na kuuvunja papo hapo kabla haujapata nafasi ya kupasuka kwenda chini. Watengeneza randa wa Uingereza wa karne ya 18 na 19 walikuwa na pembe kwa kila aina ya kazi: 45 kwa mbao laini, na kwa mbao ngumu wakapanda hadi 50, 55, hata 60. Sisi tumezungukwa na mbao ngumu, halafu tunanunua randa ya pembe ya mbao laini. Hilo linaniuma, kwa sababu pembe haiuzwi kwa bei. Ni mstari tu unaouchora kabla ya kuanza kuchonga.

Gharama ipo, nisiifiche. Randa ya digrii 55 ni nzito kusukuma na kisu kinakuwa butu mapema. Si ya kupunguzia ubao mnene. Ni ya mwisho, ya kusafishia.

Mti wake niliupata Pangani. Nyumba ya zamani ilikuwa inabomolewa, na fundi mwashi aliniuzia mwimo mmoja wa mlango, mkongo, unene wa inchi 3 kwa 4. Watu wa pwani ya Kenya wangeuita mbambakofi. Mwimo uliosimama ukutani miaka mingi hauna tena maji ya kukushtukiza, na mkongo kwa asili yake ni mti mtulivu, haupindipindi. Nilikuwa na kipande cha mkwaju pia, kigumu kuliko mkongo, lakini kilikuwa kimekatwa mwaka jana tu na tayari kilianza kufunua nyufa kichwani. Nikakiacha.

Kabla ya kukata nilitazama kichwa cha mwimo, pale zinapoonekana pete za mti. Upande uliokuwa karibu na gome niliuweka chini, ndio uwe uso unaoteleza juu ya kazi, kwa sababu kule ndiko mti ulikokomaa vizuri bila kasoro za moyo. Kisha nikatazama ubavuni, nyuzi zinaelekea wapi. Mfikirie paka. Ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani manyoya yanalala, ukirudi kinyume yanasimama. Uso wa chini wa randa nao unapapaswa na kazi kutoka mbele kwenda nyuma kila unaposukuma, basi nyuzi zake zilale kuelekea nyuma. Ukikosea hapo, randa itakuwa nzito na itachakaa upesi, na hutajua sababu.

Nilikata urefu wa sentimeta 24, upana 6.5, kimo 6. Nyuso nne nilizinyoosha kwa randa ya chuma ya kuazima na kuzipima kwa guni, kifaa cha kupimia pembe mraba, mpaka zikawa mraba. Sikuharakisha. Kila mstari utakaochorwa baadaye unategemea pembe hizo nne.

Digrii 55 niliipata bila kifaa cha kupimia digrii. Kwenye ubao chakavu nilichora mstari ulionyooka, nikapima sentimeta 7 kwenda mbele, kutoka pale nikapandisha sentimeta 10 kwa guni, nikaunganisha. Mlalo huo ni digrii 55. Kwa kimo changu cha sentimeta 6 maana yake mstari unaanzia kwenye mdomo chini na kutokea juu sentimeta 4 na milimeta 2 nyuma yake. Nikauhamishia kwenye mashavu yote mawili kwa kisu cha kuchorea, si kwa penseli. Alama ya penseli ina unene. Alama ya kisu haina, na patasi inakaa ndani yake yenyewe.

Mdomo niliuweka sentimeta 8 na nusu kutoka mbele. Kisu changu kina upana wa milimeta 44. Koo nililichora milimeta 46 na nusu, yaani nafasi ya milimeta moja na kidogo kila upande. Hiyo ndiyo nafasi ya Dodoma.

Halafu kazi yenyewe. Nilitoboa mashimo kwa keekee kutoka juu, matano kwa safu mbili, yasizidi nusu ya kimo, nikaanza kuchonga kwa patasi ya nusu inchi. Mkongo hauchongeki kwa papara. Unakata nyembamba, unatoa, unakata tena. Kijana ninayemfundisha kazi alitaka kuingiza patasi yote mpaka mwisho, nikamzuia. Ukitoboa kutoka upande mmoja tu, patasi inapotokea chini inabomoa kingo za mdomo, na mdomo ndio mahali pasiporuhusu kosa hata la unene wa ukucha. Kwa hiyo unachonga kutoka juu hadi katikati, unageuza, unafungua mdomo kutoka chini kwa patasi nyembamba, mpaka njia mbili zikutane gizani katikati ya mti. Zilipokutana zilikuwa zimepishana kwa milimeta moja hivi. Nikashukuru.

Kilalio cha kisu kilinichukua jioni tatu. Ni ule mteremko wa digrii 55 ambao kisu kinauegemea, na usipokuwa bapa kabisa kisu kitatetemeka, na kikitetemeka kinaacha mawimbi kwenye kazi. Baba alinifundisha kuupima kwa koroboi. Unapitisha mgongo wa kisu juu ya moshi mpaka uwe mweusi, unakilaza mahali pake, unakisukuma kidogo, unakitoa. Penye weusi ndipo palipoinuka. Unaparuza hapo tu, kwa patasi iliyonolewa vizuri, unapaka masizi tena. Siku ya kwanza nilipata madoa mawili. Siku ya pili saba. Siku ya tatu kilalio chote kilikuwa na madoa kama manyoya ya ndege kanga, hasa kule chini karibu na mdomo, na hapo ndipo pa lazima zaidi.

Kisu nilikitoa kwenye springi ya Land Cruiser. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kukomaa, yaani kuwa kigumu, kwa moto, karibu asilimia 0.6, na gereji wanakuuzia jani moja lililovunjika kwa bei ya chuma chakavu. Jirani yangu ni fundi chuma, ana mivuo na mkaa. Tulilipasha jani likawa jekundu, tukalinyoosha, tukalipasha tena, tukalifukia kwenye jivu mpaka asubuhi ili lipoe polepole. Likipoa hivyo linakuwa laini, msumeno wa chuma unalikata. Nikalipunguza unene kutoka milimeta 7 hadi 5 kwa tupa. Vidole viliniuma wiki nzima, lakini kisu kinene hakitetemeki, na kwa pembe hii ndicho ninachokitaka. Makali niliyachonga kwa digrii 30.

Kukomaza ni kazi ya dakika chache na macho yote. Jirani aliniambia nizime taa, nje giza limeshaingia, ili rangi ya chuma ionekane. Alikuwa na sumaku ya spika mbovu imefungwa kwenye waya. Chuma kikiwa chekundu lakini bado kinashika sumaku, bado. Kikiacha kushika, unakingoja kidogo tu, kisha unakizamisha kwenye mafuta, makali yakitangulia, wima, unakipandisha na kukishusha bila kukiyumbisha pembeni. Ukikiyumbisha kinapinda. Kilitoa moshi mwingi na harufu ya mafuta ya injini iliyokaa kwenye nywele zangu siku mbili. Kilipopoa nikajaribu tupa juu ya makali. Ikateleza kama juu ya kioo. Kimekomaa.

Kikiwa hivyo lakini ni kigumu mno, kitameguka. Lazima kirudishwe kidogo. Nikakisugua msasa mpaka king'ae, nikakishika kwa koleo, mkia wake ndio juu ya mkaa, makali yakiwa mbali na moto. Rangi zinaanza kutembea kutoka mkiani kuelekea kwenye makali: nyasi kavu, asali, hudhurungi, zambarau, buluu. Zinatembea moja nyuma ya nyingine kama watu wanaoingia mlango mwembamba. Rangi ya asali ilipofika kwenye makali nikakitia majini. Ningechelewa kwa sekunde chache tu, buluu ingefika, na hapo kisu kingekuwa springi tena.

Kabari niliichonga kwa mabaki ya mwimo uleule. Inashikiliwa na kipande cha nondo ya milimeta 8 kilichopita kwenye mashavu yote mawili kukatiza koo. Kabla ya kutoboa mashavu nilichora randa nzima ubavuni mwa ubao, saizi yake halisi, na kisu na kabari na duara la nondo, nikapima mara tatu. Tundu la nondo likikaa karibu mno na kisu, kabari inakuwa nyembamba na kuvunjika. Likikaa mbali mno, koo linajaa. Upana wa kabari ni milimeta 43, mwembamba kuliko kisu. Naisisitiza kwa sababu watu wengi huipanua kabari wakidhani inabana kwa upana. Kabari inabana kati ya nondo na kisu. Ikigusa mashavu, kila unapoigonga unapasua randa yako mwenyewe.

Uso wa chini niliunyoosha juu ya kioo cha dirisha chenye msasa, kisu kikiwa ndani na kabari imekazwa kama kazini, ila makali yamerudishwa juu. Mti unajipinda kidogo kabari ikikazwa, kwa hiyo ukiunyoosha mtupu, ukija kukaza umeharibu. Nikaupaka nta ya nyuki. Mwili niliupaka mafuta ya linsidi mara tatu, siku moja katikati ya kila mara.

Neno lenyewe, randa, lilitufikia kwa bahari. Waajemi wana rande, na ukienda Karachi au Mumbai ukamwambia seremala akupe randa, atakupa. Nililijua hilo kutoka kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa anamuuzia Baba misumari, na tangu siku hiyo nafurahi kila ninapolitamka, kwa kuwa mafundi wengi mno walilishika kabla halijafika mikononi mwangu.

Siku ya kuijaribu nilichagua kipande kibaya makusudi, mninga wenye fundo na nyuzi zilizozunguka fundo. Nikakitokeza kisu kwa kukigonga kichwani, kidogo, nikasukuma. Hakuna kitu. Nikagonga tena. Safari hii ikatoa mlio ambao siwezi kuuandika, mwororo na mkavu kwa pamoja, na kooni yakatoka maranda mepesi yaliyokunjamana. Nikasukuma mara ya pili, ya tatu. Ya nne ikakwama, maranda yamejazana. Nikatoa kabari, nikaona ncha yake haikukaa sawasawa kwenye kisu, palikuwa na uwazi mwembamba upande mmoja na maranda yalikuwa yanaingia mle. Nikaiparuza, nikarudisha. Haikukwama tena.

Kijana alipitisha kiganja juu ya fundo, akarudia, kisha akaniuliza, "Dada, hapa msasa hatupigi?"

"Hapa hatupigi."

Nilimpelekea Baba kile kipande jioni. Hakukitazama. Alifumba macho akapitisha kidole gumba kuanzia ukingoni, akavuka fundo, akafika upande wa pili, akarudi. Kisha akaomba randa yenyewe, akaiweka sikioni na kuigonga kwa kifundo cha kidole, mbele na nyuma. "Inalia sawa," akasema, akanirudishia.

Mwezi uliopita niliipeleka Dodoma. Nilikaa nayo siku kumi na moja. Kila asubuhi nilipima ile nafasi kati ya kisu na shavu kwa vipande vya karatasi ya daftari. Siku ya kwanza vilipita tisa kila upande. Siku ya mwisho vilipita saba upande wa kulia na nane wa kushoto. Mti umesinyaa na hakuna ulichokikuta katikati.

Kilichobaki ni mdomo. Niliuacha na uwazi wa nusu milimeta mbele ya kisu, na kwa mkongo uwazi huo ni mzuri, kwa sababu kingo ya mbele inaukandamiza uzi chini kabla kisu hakijaufikia. Lakini uso wa chini ukichakaa na kunyooshwa tena na tena, mdomo utapanuka. Kwa hiyo nimekata kipande cha mpingo, sentimeta 3 kwa 4, unene wa milimeta 10, nitakachokipachika mbele ya mdomo kama jino jipya. Mpingo hukauka polepole kupita kiasi. Nimekipaka nta kwenye vichwa visipasuke, nimekiweka juu ya kabati, na nimekiandikia tarehe kwa chaki.